Kampuni Haina Moyo: Nia Yake Tuitafute Wapi?



Sisi tunaosoma masomo ya dini tunaingia kwenye hadithi kwa mlango wa nia. Imam Nawawi ameiweka hadithi hiyo ya kwanza katika Arubaini zake, Imam Bukhari amefungulia nayo Sahihi yake, na kila sheikh anayeisherehesha hutukumbusha kuwa mahali pa nia ni moyoni. Mpaka hapo mambo ni mepesi. Ugumu unaanza pale mtendaji anapokuwa si mtu. Kiwanda kinachosafisha maji yake kabla ya kuyarudisha mtoni kinafanya hivyo kwa moyo wa nani? Wa mwenye hisa anayeishi Nairobi au Johannesburg, ambaye hajawahi kuuona mto wenyewe? Wa meneja ambaye mkataba wake unaisha baada ya miaka mitatu? Au wa kibarua anayefungua bomba asubuhi kwa sababu ameambiwa alifungue?

Swali hili lililetwa kwenye halaka yetu na ndugu mmoja anayesoma biashara. Alisema siku hizi kampuni kubwa zina idara ya mazingira, zina ripoti ya uendelevu kila mwaka, na wakubwa wao wanafundishwa namna ya kuliingiza jambo hilo katika kazi zote badala ya kuliacha pembeni kama pambo. Kisha akauliza: kampuni ikipanda miti kwa sababu wawekezaji wanataka, ina thawabu? Baadhi walicheka. Mimi naona linastahili jibu, na hasa kwetu sisi wa Rusizi, tulio na kiwanda cha saruji bondeni Bugarama, chai Shagasha, mpunga, ziwa, na mto tunaogawana na jirani.

Nianze na lililo wazi. Kampuni inayopanda miti ili ipigwe picha, dini yetu ina jina la kazi yake: riya. Surat al-Ma'un ni fupi na wengi wetu tumeihifadhi tangu chuoni. Ndani yake wanaojionyesha kwa watu wametajwa pamoja na wanaozuia msaada mdogo kwa jirani, na sidhani kuwa wamewekwa pamoja kwa bahati. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, sote tumewahi kuona fulana mpya zenye nembo, miche imepangwa kwenye trei, na mpiga picha ametangulia mbele. Ukipita hapo baada ya kiangazi unakuta vijiti vikavu. Hili halihitaji fatwa.

Lakini riya ni upande mwepesi wa swali. Upande mgumu ni wa mtu mwema. Tuseme mkuu wa kampuni ana ikhlasi kweli, anamcha Allah, hataki kuharibu nchi kavu wala maji, anakumbuka aya ya 41 ya Surat ar-Rum inayohusisha uharibifu unaoonekana bara na baharini na yale ambayo mikono ya watu imechuma. Je, ikhlasi yake inatosha? Nadhani haitoshi, na nitaeleza kwa nini kwa mfano mdogo kabla sijafika kwenye mikubwa.

Mjomba wangu, Allah amrehemu, alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga Bugarama pamoja na washirika wawili. Anayeijua kazi hiyo anajua kuwa katika kila kilo 100 za mpunga, karibu kilo 20 ni makapi. Makapi hayaozi upesi, yanaelea, na yakiingia kwenye mifereji ya kumwagilia yanajazana kwenye vilango vya maji mpaka shamba la chini linakauka huku la juu limefurika. Njia nyepesi ya kuyaondoa ni kuyamwaga nyuma ya jengo, na nyuma ya jengo ndipo mfereji ulipo. Mjomba hakumwaga. Alipatana na wachoma matofali waje na baiskeli Jumatatu na Alhamisi, wachukue bure, kwa sharti wafagie. Hakuwahi kulipa jambo hilo jina lolote.

Alifariki mwaka 2021. Miezi michache baadaye washirika wakaajiri msimamizi, kijana mchapakazi na mwaminifu wa hesabu. Alichokikuta ni mashine, deni la umeme na wateja. Makapi hayakuwa yameandikwa mahali popote. Wachoma matofali walikuja mara mbili wakakuta lango limefungwa, wakatafuta kwingine. Msimu wa mvua uliofuata mfereji ukaziba, na walioathirika ni wakulima wale wale wanaoleta mpunga mashineni. Simlaumu msimamizi yule. Mapatano yote yalikuwa kichwani mwa mjomba, na mjomba tulikuwa tumeshamzika. Mambo yalitengemaa kidogo pale wakulima walipoweka sharti kwenye makubaliano ya kukoboa kwamba mwenye mashine ndiye mwenye dhima ya makapi. Ni sentensi moja kwenye karatasi. Inafuatwa, si kila mara, lakini mara nyingi.

Tangu hapo nimekuwa nikiisoma hadithi ya sadaka jaria kwa namna nyingine. Tunajua maana yake: mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa mambo matatu, na la kwanza ni sadaka inayoendelea. Neno jaria lina maana ya kutiririka, kama maji. Neno la uendelevu wanalolisaka wenzetu wa biashara sisi tumekuwa nalo muda wote, ila tumelibana kwenye visima na misikiti. Maji hayatiririki kwa nia ya aliyeyachimba. Yanahitaji njia, na njia huchimbwa akiwa hai.

Aliyelielewa hili vizuri kuliko wengi ni Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.). Alipata ardhi Khaybar, akaiona ndiyo mali bora kuliko zote alizowahi kupata, akamwendea Mtume (S.A.W.) kutaka ushauri. Ushauri aliopewa, kwa maana yake, ni kuifunga asili ya mali na kuyatoa mazao yake. Umar akaweka masharti: isiuzwe, isirithiwe, isitolewe zawadi, mazao yaende kwa mafukara, jamaa, kukomboa watumwa, wasafiri na wageni, na anayeisimamia ale humo kwa wema bila kujilimbikizia. Baadaye akaelekeza usimamizi uwe kwa binti yake Hafsa (R.A.). Tazama alichokifanya mtu huyu. Nani katika umma ana ikhlasi kuliko Umar? Hata hivyo hakuuachia moyo wake kazi ya kuilinda ardhi ile, wala hakuiachia mioyo ya wanawe. Alijifunga mwenyewe mikono kwa maandishi, akamtaja msimamizi kwa jina, na akamwekea haki ya kula, kwa kuwa alijua msimamizi mwenye njaa atakula hata asichoruhusiwa.

Hapo ndipo ninapoiona nia ya kampuni. Moyo kampuni haina, lakini ina masharti: katiba yake, mikataba yake ya kununua na kuuza, mizani ambayo kwayo mkubwa wa kazi anahesabiwa amefaulu au ameshindwa. Wanazuoni wa zama zetu wameshakubali kwamba kampuni ni nafsi ya kisheria, wakiilinganisha na wakfu, msikiti na Baitul-mali, ambavyo humiliki na hudaiwa bila kuwa na roho. Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipokutana Jeddah mwaka 1988 kuhusu zaka ya hisa, lilisema zaka ni wajibu wa wenye hisa, na uongozi wa kampuni unaweza kuitoa kwa niaba yao ikiwa, miongoni mwa mengine, katiba ya kampuni imesema hivyo. Yaani hata katika ibada, ambayo bila nia haisihi, karatasi ya katiba ilipewa kazi ya kubeba nia za watu wengi. Kama inaweza kubeba zaka, kwa nini isibebe mto?

Ndugu mwingine kwenye halaka alisema huko ni kuifanya dini iwe makaratasi, na kwamba taqwa ikiwepo sheria haihitajiki. Hoja yake ina uzito. Lakini mafakihi wetu hawakuenda njia hiyo. Walipozungumzia harimu ya kisima, lile eneo la kukizunguka ambalo mtu mwingine haruhusiwi kuchimba wala kujenga, walikaa wakahesabu dhiraa. Ipo riwaya ya dhiraa 40. Wangeweza kusema tu kwamba muumini hamdhuru jirani yake, wakanyamaza. Walipima kwa sababu walijua kwamba watu wawili wachamungu wanaweza kugombania kisima kimoja kila mmoja akiwa na nia safi. Sheria ya nchi yetu inayokataza kujenga ndani ya mita 50 kutoka ukingo wa ziwa haiko mbali na fikra hiyo. Moyo wa taqwa unabaki na kazi kubwa: ndio unaomfanya mkubwa wa kampuni akubali kuandika sharti litakalombana yeye mwenyewe kesho.

Je, kuna kampuni ya kweli, si wakfu, iliyowahi kufanya hivyo? Mfano ninaoujua karibu nasi uko Mombasa, na umetoka mahali ambapo mtu asingeutarajia: kwenye saruji.

Kiwanda cha Bamburi kilianza kutoa saruji mwaka 1954, kikichimba mawe ya matumbawe ya zamani kandokando ya bahari. Machimbo yalipokwisha yalibaki jangwa jeupe: jua linawaka, udongo hakuna, na maji ya chini yana chumvi. Kampuni ilikuwa na mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, na mwaka 1971 alianza kujaribu kupanda miti kwenye jangwa lile. Alijaribu aina 26, zikaishi 3. Iliyofanya kazi kubwa ni mvinje, ambao mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyotengeneza rutuba kutoka hewani. Lakini majani ya mvinje ni makavu kama sindano, yakawa yanaanguka na kurundikana bila kuoza. Haller akaleta majongoo, wale wanyama ambao watoto wetu huwakimbia, yakala majani na kutoa udongo. Nimependa sana habari hii ya majongoo. Nadhani hakuna mkurugenzi ambaye angeyaweka kwenye mpango wa miaka mitano. Baada ya udongo zikaja nyasi, ndege, samaki wa kufuga na wanyama. Mwaka 1984 wageni wakaanza kuingia kwa tiketi, na baadaye hifadhi ikaitwa kwa jina lake, Haller Park. Ndiko alikopelekwa yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, akafanya urafiki na kobe mzee; wengine mtakuwa mmeziona picha.

Lakini kwa swali letu, la muhimu ni kwamba kazi ile haikubaki ndani ya kichwa cha Haller. Iliwekwa chini ya kampuni ndogo ya Bamburi iliyoitwa Baobab Farm, ikauza samaki, ikauza mbao, ikatoza kiingilio. Kukawa na watu ambao ajira yao ni ule msitu, na kitabu cha hesabu ambacho kingeonyesha hasara kama msitu ungekufa. Wenye kiwanda wamebadilika: Lafarge ya Ufaransa, kisha Holcim, na Desemba 2024 Amsons ya Tanzania ikakinunua. Miti imewapita wote hao. Mjomba wangu alikuwa na moyo kama wa Haller, pengine kuliko yeye. Hakuwa na Baobab Farm.

Sasa nisieleweke kwamba nawaita wenye saruji mawalii. Saruji hutengenezwa kwa kuchoma chokaa kwenye joto la nyuzi karibu 1450, na jiwe lenyewe likiungua hutoa hewa ya kaboni, hata kama moto ungetoka kwenye jua. Kwa hesabu zinazokubalika, saruji peke yake hubeba asilimia 7 hadi 8 ya hewa hiyo inayotolewa na binadamu duniani. Msitu wa Bamburi ni jambo jema lililofanyika shimoni. Bomba la moshi ni habari nyingine, na wema wa shimo haulifuti deni la bomba. Kinachogusa bomba ni mambo yasiyo na picha nzuri: kupunguza klinka kwa kuchanganya majivu ya volkano na vitu vingine, aina ya nishati, umri wa tanuri. Uamuzi huo hauko kwa idara ya mazingira, uko kwa mhandisi na mnunuzi. Ndiyo maana naipenda kauli ya wenzetu wa biashara kwamba jambo hili liingizwe katika kazi zote. Likikaa kwenye idara yake peke yake, litapanda miti milele.

Hapa kwetu pia wenye mali hubadilika. Cimerwa ilianzishwa mwaka 1984, mtambo wake mpya ulizinduliwa 2015 wenye uwezo wa tani 600,000 kwa mwaka, na mwanzoni mwa 2024 hisa 51 kwa mia zilizokuwa za PPC ya Afrika Kusini zilipita kwa National Cement Holdings ya Kenya. Siandiki kukisifu kiwanda chetu wala kukishitaki. Ninachosema ni kwamba mtoto aliyezaliwa Muganza mwaka 2012 ameshawashuhudia mabwana wawili wa kigeni kabla hajamaliza shule ya msingi, na hewa anayovuta ni ile ile. Swali lake si kama bwana wa sasa ni mwema. Swali lake ni kilichoandikwa ambacho bwana ajaye atakikuta.

Na tusijidanganye kwamba kuandika ni rahisi. Kila sharti la namna hii linatoka kwenye mfuko wa mtu. Umar huyo huyo alijaribiwa tena akiwa khalifa, ardhi ya Sawad ya Iraki ilipofunguliwa. Wapiganaji walitaka igawanywe kwao kama ngawira, na walikuwa na hoja. Walimwaga damu kwa ajili yake. Bilal (R.A.) alikuwa miongoni mwa waliosimama imara upande huo, na si mtu wa kutuhumiwa tamaa. Umar alikataa. Alishauriana, wakajadiliana siku kadhaa, akaitegemea Surat al-Hashr inavyowataja watakaokuja baada ya Muhajirina na Ansari, akaiacha ardhi mikononi mwa wakulima wake na kuitoza kharaji ili wa baadaye wakute kitu. Kwa lugha ya leo, wenye hisa walidai gawio, mkuu akawaambia kuna wenye hisa wengine ambao bado hawajazaliwa. Kikao cha namna hiyo sidhani kama kuna mkurugenzi anayekitamani. Lakini fiqhi yetu imekihifadhi, na mwanafunzi wa uhasibu Mwislamu ana haki ya kukitaja kazini bila haya.

Kuna jambo moja ambalo wakfu wala katiba ya kampuni havinipi jibu lake, nami naliacha wazi kwa wasomaji. Masharti hufika mwisho wa mipaka ya aliyeyaandika. Ukisimama Kamembe unaiona Bukavu ng'ambo, na kati yetu ni maji yale yale. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na mwaka 2019 sheria ikaongeza vitu vya plastiki vya kutumia mara moja. Hata hivyo bwawa la Ruzizi I, lililojengwa 1958 pale mto unapotoka ziwani, limekuwa likisongwa na takataka za plastiki zinazoelea, mpaka mitambo inazibwa na umeme unakatika. Mtume (S.A.W.) alitupigia mfano wa watu waliogawana merikebu, wa juu na wa chini, wale wa chini wakataka kutoboa upande wao ili wapate maji bila kuwasumbua wa juu. Mfano ule haukusema merikebu ilikuwa na sheria mbili na forodha katikati.

Nimekuwa nikitazama kreti za soda madukani. Chupa ya kioo ina amana. Usipoirudisha hela yako imekwenda, kwa hiyo inarudi, hata ikiwa imebebwa na mtoto wa miaka sita. Chupa ya plastiki ya kinywaji hicho hicho, mara nyingi kutoka kiwanda hicho hicho, haina amana wala mwenyewe. Kwa nini moja ilipangiwa njia ya kurudi nyumbani na nyingine haikupangiwa, hilo ni la kuulizwa wenye viwanda pande zote mbili za mto, na wengine wetu in sha Allah tutakuwa tumeajiriwa humo.

Wabillahi tawfiq.